Dirisha la Mashine ya Kufulia

Mzee wetu wa ofisini ana tabia ya kugusa kuta. Akiingia jengo lolote, liwe lake au la mwenzake, huweka kiganja ukutani na kufumba macho kidogo, kama mama anayempima mtoto homa. Wageni hulipenda sana jambo hilo, wakatoa simu wakampiga picha. Mwaka wangu wa kwanza hapa Dubai na mimi nililipenda. Nilikuwa namwigiza nikiwa peke yangu kwenye ngazi za jengo letu la Al Baraha: naweka mkono kwenye ukuta wenye rangi inayobabuka, nafumba macho, nangoja nisikie kitu. Siku hizi akifanya vile nasikia kinyaa, nageuza uso na kujitia nasoma ujumbe kwenye simu.

Niseme mapema kwamba bado namfanyia kazi. Ukija kesho asubuhi utanikuta kwenye kiti changu karibu na printa, kadi yangu imening'inia shingoni, nachora atakachotaka. Kwa hiyo usinione kama mtu aliyesimama mbali akaziba pua. Harufu ninayoisema na mimi inanitoka.

Mimi ni mchora ramani. Msanifu ni yeye. Yeye huchora kwa penseli kwenye karatasi laini, mistari mitatu minne, halafu mimi naingiza kwenye kompyuta ukuta kwa ukuta, mlango kwa mlango, mpaka fundi aweze kujenga. Ni Mmarekani, umri wake umekwenda, mgongo bado umenyooka. Usoni tunamwita sir. Kati yetu sisi Waswahili wa ofisini, ambao ni wawili tu, mimi wa Tanga na kaka mmoja wa Mombasa anayeshughulikia vibali vya ujenzi, tunamwita Mzee.

Jina lake alilipata kwenye mji mmoja wa Marekani ambao mimi sijaukanyaga, mji ulio kando ya ziwa linaloganda wakati wa baridi. Alianza huko akiwa kijana na akajenga huko kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Wanasema ukiingia mji ule kwa barabara yoyote, kitu cha kwanza utakachokiona ni mkono wake. Ukishuka kwenye basi, kituo ni chake. Ukishtakiwa, mahakama ni yake. Watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha chuma wamezaliwa kwenye maghorofa yake, wamesoma kwenye shule yake, wamekwenda kuazima vitabu kwenye maktaba yake. Kote huko matofali ni yale yale ya rangi ya kahawia, na madirisha ni yale yale marefu yanayoanzia chini kabisa, mtoto akiketi sakafuni aone nje.

Nayajua hayo kwa sababu niliyashika kwa mikono yangu. Mwaka jana Mzee aliamua itengenezwe albamu ya kazi zake zote, kitabu kikubwa cha kuwekwa mezani, na maonyesho madogo kwenye ukumbi wa ofisi yetu pale Al Mankhool kwa ajili ya wateja. Michoro ya zamani ikaletwa kutoka Marekani ndani ya maboksi, nikapewa mimi niifungue, niifute vumbi, niiskani na kuipanga. Kila nilipomaliza kazi ya siku, saa mbili za mwisho zilikuwa za maboksi.

Sitasema uongo, niliipenda ile michoro mpaka nikajionea haya. Ramani ya kituo cha mabasi ina benchi refu lililopindwa kidogo katikati ili watu wasiojuana wasilazimike kutazamana. Ramani ya mahakama ina mlango wa pembeni ambao familia za washtakiwa hupita bila kukutana na wapiga picha. Kwenye maghorofa ya wafanyakazi, jiko liko upande wa jua la asubuhi kila nyumba, na pembeni ameandika kwa penseli, kwa herufi ndogo zilizonyooka, kwamba anayeamka wa kwanza ndiye apate mwanga wa kwanza. Nilikuwa nasoma maneno hayo peke yangu na kusema kwa sauti, ewaa. Nilijiona nina bahati. Nilijiona mtu ambaye kafika.

Siku moja alisimama nyuma yangu akitazama skrini, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha polepole, ile heshima aliyonayo mtu kwa kuwa mtu tu, kwenu inaitwaje? Nikamwambia, utu. Akalirudia mara tatu. Utu, utu, utu. Wiki ya pili nikaletewa jalada la albamu na neno hilo limeandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu, bila jina lake, bila kitu kingine. Alisema neno la Kiafrika lina uzito ambao la Kiingereza limepoteza. Nilimpigia simu mama mdogo kumwambia kwamba neno letu limepanda jalada.

Sasa kuna hili la vila. Kazi zinazoilisha ofisi yetu si maktaba wala mahakama, ni vila. Mteja anataka nyumba ya kupendeza iliyochorwa na yule Mmarekani mwenye picha vitabuni, na Mzee anamchorea. Vila zote zina kitu kimoja nyuma, karibu na jiko: chumba kidogo chenye mlango mwembamba na choo chake cha kuingia umejikunja. Vila ya kwanza niliyoichora nilikiandika chumba hicho jina lake, chumba cha mfanyakazi wa ndani. Karatasi ikarudi mezani kwangu siku hiyo hiyo, imeletwa na kaka wa vibali.

"Dada, wataka kuniulia kazi?" akasema. "Ukiandika chumba cha kulala, sheria yasema lazima kiwe na window. Hiki hakina. Andika stoo, mimi nipeleke, khalas."

"Na mtu atalala wapi?"

"Si humo humo stoo." Akacheka. "Kwani vitanda vyakatazwa stoo?"

Nikafuta, nikaandika STORE. Sikujisikia vibaya, na hilo ndilo linaloniudhi nikikumbuka. Nilichofikiri ni kwamba neno ni fupi na linaenea vizuri kwenye kile kisanduku. Nimechora vila nyingi tangu siku hiyo, na kila moja ina stoo yake. Ndani ya ile stoo naacha upana wa kutosha kitanda, maana mteja huuliza kama kitanda kinaenea.

Huyo mama mdogo niliyempigia simu ni mdogo wake mama yangu, na ni khadama, mfanyakazi wa ndani. Alikuja huku Uarabuni mimi niko darasa la tano, akaiacha cherehani yake iliyokaa dirishani kwetu Tanga miaka yote. Alikuwa fundi wa mapazia na mashuka, na hakushona kwingine ila dirishani, anasema macho yake hayajui taa. Yeye ndiye aliyenisomesha mpaka chuo cha ufundi. Kama asingekuja yeye, khadama ningekuwa mimi, na huo ndio ukweli usiohitaji chumvi.

Madam wake alikuwa anaishi kwenye fleti hapo hapo Al Mankhool, si mbali na ofisi yetu, lakini tulionana Jumapili moja moja alizopewa. Kwenye ile fleti mama mdogo alikuwa analala kwenye godoro jikoni, analikunja asubuhi na kulisimamisha nyuma ya friji. Halalamiki. Ukimwuliza anasema jiko la madam ni kubwa kuliko sebule ya marehemu babu yako.

Jumapili moja tulikutana Al Rigga. Tulinunua chai ya karaki, tukaketi kwenye benchi mbele ya duka la dobi, mvuke wa pasi unatoka mlangoni na kutupitia. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa haraka, ana jambo.

"Mwanangu, tunahama," akasema. "Madam anajenga. Vila. Na amesema kwa mdomo wake, kule utakuwa na chumba chako."

Nikamshika mikono. Nilifurahi kikweli. Yeye akatoa simu yake. "Nimeipiga picha ramani, walikuwa wameitandaza mezani wakati napanga sahani. Wewe si ndiyo kazi yako, hebu nisomee."

Niliijua kabla sijaikuza. Mtu anajua mwandiko wake. Ile milango nimeichora mimi, ule mshale wa kaskazini ni wangu, wenye mkia mfupi ambao Mzee hunitania nao. Vila ya madam wa mama mdogo ilikuwa imetoka kwenye kiti changu karibu na printa. Nikaiweka chai chini ya benchi.

Mama mdogo akawa anatembeza kidole kwenye kioo cha simu. "Hapa jikoni, si ndiyo? Hapa imeandikwa stoo. Stoo najua kusoma. Kubwa, afadhali, maana madam ana vitu." Kidole kikabaki pale pale. "Sasa mimi niko wapi?"

Kulikuwa na jibu moja tu la kweli na lilikuwa chini ya kidole chake. Ningeweza kusema, mama mdogo, wewe ndiye uliyemo stoo, na aliyekutia humo ni mimi. Badala yake nikakisogeza kidole chake sentimita moja, kutoka kwenye stoo mpaka kwenye chumba cha kufulia kilicho jirani, kilichoandikwa LAUNDRY.

"Hapa," nikasema.

"Na hivi vistari viwili vyembamba ukutani?"

"Dirisha."

Aliinua macho akanitazama, akatazama mbele yetu kule kwa dobi, akarudi kwenye simu. "Alhamdulillah," akasema. "Basi nitumie vipimo, nishone pazia."

Nikavituma usiku huo huo, upana tisini, urefu mia na ishirini. Vilikuwa vipimo sahihi kabisa vya dirisha la chumba cha mashine ya kufulia.

Sikuwa nimekusudia kumdanganya mpaka mwisho. Niliposema uongo ule tayari nilikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa rahisi hata nikashangaa kwamba hakuna aliyeuona. Vyumba vile viwili vimepakana na vinalingana. Badilisha majina tu. Mashine ziende stoo, mtu aende penye dirisha. Ukuta hausogei, mlango hausogei, bomba la maji linavuka ukuta mmoja. Nyumba ilikuwa bado misingi. Nilichora mabadiliko kabla ya saa ya chakula, nikayachapisha, nikayaweka kwenye droo nikingoja siku ambayo Mzee ana uso mzuri.

Kwenye kungoja huko ndipo nikalifungua boksi la maktaba. Nilikuwa nimeliacha la mwisho kwa sababu maktaba ndiyo kazi iliyompa jina, ndiyo iliyoufanya mji ule umkabidhi kituo na mahakama na vingine vyote. Ukumbi wa kusomea unajulikana, picha zake zimejaa. Kitu kisichojulikana kilikuwa kwenye ramani ya ghorofa ya chini, upande wa ziwa, upande ambao msanifu mwingine yeyote angemwekea mkurugenzi. Kuna chumba cha wastani chenye dirisha kubwa kuliko yote ya ghorofa ile, na chini ya dirisha amechora kiti kirefu kilichojengewa ukutani. Ndani ya chumba ameandika kwa penseli zile herufi zake: wanawake wa usafi. Na chini yake: jua la asubuhi, waketi.

Niliisoma ile karatasi mara ya pili. Nilijisemea, yes, nimempata. Mtu aliyeyaandika haya hawezi kuninyima. Mtu huyu analijua jambo hili kuliko mimi.

Nikaenda na karatasi mbili. Mzee alikuwa chumbani kwake, anakata gundi kavu kwenye mfano wa vila kwa wembe. Nikamwekea kwanza ya maktaba, maana nilitaka imlainishe. Akaacha wembe. Akaitazama muda mrefu, halafu akafanya vile afanyavyo, akaweka kiganja juu ya kile chumba na kufumba macho.

"Mama yangu alikuwa anasafisha maofisi," akasema. "Chakula chake alikula kwenye ngazi. Miaka yote, kwenye ngazi. Nilipopewa maktaba nikaapa kwamba mama wa mtu mwingine hatakula kwenye ngazi."

Machozi yalimtoka, ya kweli, sikumwona akivunga. Nikaona mlango umefunguka, nikamsogezea karatasi ya pili, nikamweleza kwa maneno machache: hapa stoo, hapa mashine, tubadilishane.

Aliitazama ile ya pili kwa muda wa kuivuta miwani puani. "Haiwezekani," akasema kwa upole. "Dirisha lile linatazama bwawa. Mke wa mteja ana wageni wake wanaoogelea pale. Hawataki mtu awachungulie." Kisha akatabasamu, macho bado yana maji. "Mashine haichungulii."

Nikasimama pale. Nilikuwa na sentensi moja mdomoni, sentensi fupi: sir, mtu mwenyewe ni mama yangu mdogo. Nilijua ingemfikia. Pengine angebadilisha, pengine asingebadilisha, lakini ingemfikia, kwa sababu hata yeye alikuwa na mama wa ngazini. Sikuisema. Nasema niliogopa kupoteza kazi, na kazi ikienda viza inakwenda, hilo ni kweli. Lakini si lote. Nilikuwa na kadi shingoni na viatu vizuri, na katika ofisi ile hakuna aliyejua kwamba nimetoka kwa khadama. Nilimwonea haya mama mdogo. Mwanamke aliyenilipia kila karatasi niliyosomea, nilimwonea haya mbele ya mtu aliyekuwa analia kwa ajili ya mama yake mfagizi. Nikitafuta kilichonichafua kuliko vyote katika habari hii yote, ni dakika ile.

"Lakini hii," Mzee akasema, akagonga kidole kwenye ramani ya maktaba, "hii iingie kwenye albamu. Kurasa mbili, mkabala. Na wewe uandike maelezo yake, wewe unaelewa."

Nikaandika. Niliketi nikaandika jinsi msanifu huyu, tangu jengo lake la kwanza, alivyoamini kwamba anayefagia ana haki ya jua. Niliandika vizuri, mstari baada ya mstari, na kila mstari ulinipa kichefuchefu. Kaka wa vibali alipita akasoma begani kwangu. "Uandishi huu mtamu, dada," akasema. "Sasa yalla, nipe ile vila nikaipeleke, kontrakta anangoja." Nikampa. Stoo ilikuwa stoo.

Kwenye maonyesho wateja walizunguka na vikombe vidogo vya kahawa. Neno utu lilikuwa limekatwa kwa bati likang'arishwa na kubandikwa mlangoni, wakipiga picha mbele yake mmoja mmoja. Kurasa za chumba cha wanawake wa usafi zilikuzwa ukuta mzima. Mwanamke mmoja aliyejipulizia marashi mengi alisimama mbele yake, akasoma maelezo yangu yote, akashika kifua, akasema kwa Kiingereza kwamba ameguswa sana. Kisha akamgeukia Mzee akamwuliza kama kwenye vila yake ile stoo ya nyuma inaweza kupunguzwa kidogo ili apate kabati la viatu. Mzee akasema, inshallah, tutaangalia. Ilinibidi niende msalani. Nilifungua maji nikaweka viganja chini yake mpaka vikapata ganzi.

Mama mdogo wakati wote huo alikuwa anashona. Alikuwa amenunua kitambaa kwenye duka moja la Deira, cha rangi ya chungwa chenye maua meupe, na kwa kuwa hana cherehani alikishona kwa mkono, jikoni, akishamaliza vyombo. Alinitumia picha za kila hatua. Picha ya pindo, picha ya vitanzi. Aliniuliza kwa sauti yake kwenye simu, kile chuma cha kutundikia kiwe na urefu gani, kizidi kidogo pande zote mbili au kiishie pale pale? Nikamjibu, kizidi sentimita kumi kila upande. Kila alichoniuliza nilimjibu kitaalamu. Nilishindwa kumwambia kwamba dirisha halipo, na siku zikawa zinakwenda, na nyumba ikawa inapanda. Nikawa nasema nitamwambia Jumapili. Miezi ikapita, Jumapili alizopewa zikafika tatu au nne. Moja nilisingizia kazi, moja nilisingizia mafua.

Wakahama. Wiki ya kwanza hakunitumia picha yoyote. Wiki ya pili akanitumia ujumbe, madam amesafiri na watoto, mumewe yuko kazini, njoo Jumapili mchana nikupikie.

Nilishuka kwenye teksi mbele ya geti nililolichora. Ni hisia ya ajabu, kuzunguka nyumba unayoijua kila kipimo ambayo haikujui. Niliingia kwa mlango wa jikoni. Mama mdogo alinikumbatia, ana harufu ya dawa ya sakafu na vitunguu. Alinikalisha, akanilisha wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaniuliza habari za nyumbani, na mimi nikala nikijua kwamba atanionyesha chumba.

"Haya, njoo uone," akasema.

Tulipita chumba cha kufulia. Mlango ulikuwa wazi, mashine mbili zinazunguka, na jua limeingia kwa lile dirisha likamwagika juu yao mpaka chuma kinametameta. Bwawa lilikuwa nje, maji ya buluu, hakuna mtu hata mmoja ndani yake. Mama mdogo hakusimama. Alifungua mlango mwembamba uliofuata akawasha taa.

Kitanda kilienea, nilikuwa nimehakikisha. Kulikuwa na sanduku lake, na sajada imekunjwa juu ya sanduku. Na juu ya kitanda, ukutani, lilikuwa limetundikwa pazia la rangi ya chungwa lenye maua meupe, limefungwa, mikunjo imenyooshwa kwa pasi, chuma kimezidi sentimita kumi kila upande. Kwa muda wa kupepesa jicho moyo wangu ulinidanganya. Niliona labda kontrakta alikosea, labda kuna mtu alipaonea huruma akapatoboa.

"Vipimo vyako vimekuja sawasawa," mama mdogo akasema. "Sikupunguza hata kidole."

Nikamwambia. Niliyasema yote kwa pumzi moja, kwamba hii ramani nimeichora mimi, kwamba neno stoo nimeliandika mimi, kwamba siku ile Al Rigga nilimwonyesha chumba cha mashine, kwamba nilijaribu kubadilisha nikashindwa, na kwamba nilipaswa kusema neno moja nikalimeza.

Alikuwa ameketi kitandani, anavuta shuka lilingane. "Najua," akasema.

"Unajua lipi?"

"Lile neno uliloniwekea kidole. Mwanangu, hapa Dubai dobi wako kila kona. Siku ile tumeketi mbele ya duka lake, limeandikwa mlangoni herufi kubwa nyekundu. Nililisoma kule, nikalisoma kwenye simu, nikaona ni lile lile." Akaupangusa mto. "Na hata kabla ya hapo, nilipokuuliza niko wapi, nilishajua. Stoo nilikuwa nimeshaiona haina vistari. Nilitaka uniambie wewe."

"Sasa pazia ulinunua la nini?"

"Nilisema, huenda mwanangu ana mkono pale, dirisha litapatikana."

Sikuweza kumtazama. Hakukuwa na pa kutazama kwingine, chumba ni mita mbili, kwa hiyo nikaligeukia pazia. Nikalishika kwa pembe zote mbili nikalifungua, kama mtu anavyofungua pazia asubuhi. Nyuma yake kulikuwa na lipu nyeupe, laini, na katikati fundi alikuwa ameacha alama ndogo ya penseli aliyosahau kuifuta. Nikaweka kiganja pale bila kufikiri. Ukuta ulikuwa unatetemeka kidogo kwa mashine za upande wa pili.

"Lifunge, mwanangu," mama mdogo akasema nyuma yangu, sauti yake ina utani aliokuwa nao akishona dirishani Tanga. "Jua litatuunguza."

Nikalifunga.